Lambo la Zamani Linapoonyesha Dalili: Kutambua Chanzo na Kujua la Kufanya

Ukifika kwenye lambo lolote la kijijini utawakuta watu upande wa maji. Huko ndiko kuna madumu, ng'ombe, wavuvi wa perege na watoto wanaoogelea. Nyuma ya tuta hakuna mtu. Labda mbuzi wawili na vichaka. Na huko nyuma ndiko maradhi mengi ya lambo huanza kujionyesha. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, shuka nyuma ya tuta, tembea kwenye kitako chake kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, polepole, macho yakiwa chini. Utakachokiona ndicho kitakachokuambia uanzie wapi hapa.

Nazungumzia mabwawa madogo ya udongo, yale ya tuta la mita 3 hadi kumi na kitu, yaliyochimbwa miaka 50 au 60 iliyopita kwa ajili ya mifugo, mashamba na vijiji. Katika hesabu za kimataifa bwawa huitwa kubwa tuta lake likifika kimo cha mita 15, au likiwa kati ya mita 5 na 15 na kubeba zaidi ya meta za ujazo milioni 3. Yaliyo chini ya hapo hayana mhandisi wa kudumu, na mara nyingi hata mchoro wake haupo tena. Lakini yanaua. Usiku wa Mei 9, 2018, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, bwawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka na watu 48 wakafa. Lilikuwa bwawa la shambani, juu ya mlima kidogo, na chini yake watu walikuwa majumbani mwao.

Maneno machache ili tuelewane. Mgongo ni juu kabisa ya tuta, pale watu wanapokatiza. Kitako ni pale mteremko wa nyuma unapokutana na ardhi ya asili. Mabega ni sehemu mbili ambapo tuta linajishika na vilima vya pembeni. Utoro ni njia iliyochongwa pembeni ili maji yanayozidi yapite bila kuligusa tuta.

Pamelowa nyuma ya tuta

Nitakaa sana hapa, kwa kuwa ndiyo dalili inayoonekana mara nyingi na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote.

Ondoa hofu moja kwanza: tuta la udongo huvuja. Yote huvuja. Maji hupenya ndani ya udongo taratibu na kutokea upande wa pili, na lambo lililojengwa vizuri huwa na mchanga na kokoto ndani ya kitako vya kuyapokea maji hayo na kuyatoa bila kuchukua udongo. Ukiona maji, basi, uliza mambo matatu. Yanabeba udongo? Yanaongezeka? Yanatokea mahali gani?

La kwanza lijibu kwa chupa. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, kinga maji pale pale yanapochomoza bila kuchokoa chini, uiache imetulia dirishani mpaka asubuhi. Ikibaki angavu, vizuri. Tope likituama chini, hata unene wa ukucha tu, tuta linaliwa kwa ndani. Udongo ule umetoka mahali fulani, na mahali hapo sasa pana nafasi tupu ambayo kesho maji yatapita kwa kasi zaidi na kuchukua udongo mwingi zaidi. Wahandisi huita hali hii mmomonyoko wa ndani. Huo, pamoja na maji kupita juu ya mgongo, ndio unaobeba karibu visa vyote vya mabwawa ya udongo kuvunjika duniani.

La pili linahitaji ndoo na daftari. Chimba kamfereji, pachika kipande cha bomba, kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde kwa simu. Andika tarehe, sekunde, na kina cha maji lamboni siku hiyo. Kina ni lazima kiandikwe, maana lambo likijaa uvujaji nao hupanda, na hilo ni la kawaida. Hatari ipo pale ambapo kina hakijabadilika, au kimeshuka, na ndoo inajaa haraka kuliko mwezi uliopita. Kuna na kinyume chake: uvujaji wa miaka mingi ukikatika ghafla wakati lambo limejaa, usishangilie. Njia ya maji imeziba na shinikizo linapanda ndani ya tuta.

Bila daftari utategemea kumbukumbu, na kumbukumbu hudanganya bila nia mbaya. Katika lambo moja mkoani Singida nilimkuta mzee mlinzi, tukasalimiana, tukashuka naye nyuma ya tuta.

"Mzee, hapa palianza kulowa lini?"

"Hapa pana maji siku zote, mwanangu."

"Siku zote tangu lini?"

Akasimama, akatazama chini, akahesabu kwa vidole. "Harusi ya mjukuu wangu tulifunga ng'ombe hapa, palikuwa pakavu. Mwaka juzi hiyo."

Siku zote ilikuwa miaka miwili. Na ardhi yenyewe ilikuwa inasema hivyo hivyo: hapakuwa na matete wala ndago, ila nyasi za kawaida zilizogeuka njano kwa kuzama. Panapolowa kwa miaka mingi huota mimea ya majimaji. Ukikuta nyasi za nchi kavu zinaoza kwenye maji, unyevu huo ni mgeni.

Sasa mahali. Unyevu ulioenea chini kabisa kwenye kitako, maji safi, haujabadilika: endelea kupima tu. Unyevu uliopanda hadi katikati ya mteremko ni habari nyingine. Maana yake maji ndani ya tuta yamesimama juu kuliko yalivyokusudiwa, udongo umelainika, na mteremko unaweza kushuka. Unyevu ukiwa begani, chanzo mara nyingi ni udongo ambao haukushikana vizuri na kilima siku ya kujenga, au nyufa za mwamba. Ukiwa unazunguka bomba la kutolea maji, nenda kwenye sehemu ya bomba hapa chini leo hii.

Na hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Kamati inakaa, watu wanaleta mfinyanzi au saruji, tundu linazibwa, kila mmoja anarudi nyumbani ameridhika. Maji hayajaondoka. Yamefungiwa ndani ya tuta na yatatafuta pa kutokea, kwa kawaida juu zaidi ya pale pa mwanzo. Nyuma ya tuta maji hayazibwi, yanachujwa. Tandaza mchanga mkubwa wa mtoni, ulio safi, unene wa sentimeta 30 hivi, upitilize pande zote za palipolowa. Juu yake kokoto, na juu ya kokoto mawe. Mchanga unashika udongo usitoke, kokoto zinashika mchanga, mawe yanatia uzito, na maji yanapita yakiwa safi. Mchanga wa vumbi au wenye udongo haufai, utaziba.

Ukikuta maji yanachemka kama uji, yakirusha mchanga na kujenga kichuguu kidogo chenye tundu katikati, zungushia mifuko ya mchanga kama ukuta wa kisima. Maji yatapanda ndani ya duara hilo na uzito wake utapunguza nguvu ya yanayotoka chini. Pandisha mpaka yaache kubeba mchanga, kisha acha. Usijaribu kuyakomesha kabisa.

Shimo limetokea kwenye tuta, au maji yanazunguka kama kwenye sinki

Ukiona shimo limejifungua lenyewe kwenye mgongo au kwenye mteremko, au kizingia cha maji upande wa lambo, tundu limeshapita ndani na paa lake limeanguka. Hapa hakuna kupima kwanza. Ruka hadi sehemu ya dharura.

Kasi yake watu hawaiamini mpaka waione. Bwawa la Teton, Idaho, Marekani, halikuwa dogo wala la zamani. Lilikuwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Lakini ugonjwa wake ulikuwa huu huu. Asubuhi ya Juni 5, 1976 wafanyakazi waliona maji ya tope yakitoka mteremko wa nyuma. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa, na tuta hilo lilikuwa na wahandisi na matingatinga papo hapo.

Mashimo madogo na vimifereji vinavyoingia ardhini baada ya mvua, hasa kwenye udongo wa magadi ulio mwingi katika nyanda kame, vina chanzo chake maalumu: udongo unaoyeyuka. Kuujua ni rahisi mno, na natamani kila kamati ifanye jaribio hili kabla ya kuchota hata toroli moja ya udongo wa kukarabatia. Chukua donge lenye ukubwa wa punje ya harage, lidondoshe taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Kaa ulitazame kwa dakika 10. Likimeguka na kulala chini kama kirundo huku maji yakibaki angavu, udongo ni wa kawaida. Likianza kutoa ukungu, kama maziwa yanavyosambaa kwenye chai ya rangi, na ukungu ule ukatambaa chini ya glasi bila kutua, udongo huo hujisambaratisha wenyewe ukigusa maji, hata yasiyo na kasi. Tumia maji ya mvua kweli, maana maji ya kisima yenye chumvi huuficha ugonjwa. Tuta la udongo wa namna hiyo linahitaji chujio la mchanga na, kwa ushauri wa mtaalamu, kuchanganywa jasi au chokaa. Kwa vyovyote usiutumie kujazia ufa.

Nyufa

Tazama zinaelekea wapi. Ufa unaokatiza mgongo, kutoka upande wa maji kwenda upande wa nyuma, ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu lambo likijaa unakuwa mlango. Mara nyingi hutokea karibu na mabega, pale sehemu ya katikati ya tuta ilipotulia na kushuka zaidi ya pembeni. Ufa unaofuata urefu wa tuta, ukiwa umejipinda kama upinde na upande mmoja umeshuka kidogo, ni mwanzo wa mteremko kuporomoka. Na nyufa ndogo ndogo zilizosambaa kama za tope lililokauka ni za kiangazi tu, hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga. Hata hizo zichunguze kina chake kwa waya mgumu kabla mvua haijaanza.

Kujua kama ufa unakua, pigilia vigingi viwili vya chuma, kimoja kila upande, na upime umbali kati yake kwa futi kila wiki. Kuutengeneza, chimba mpaka uupite mwisho wake, rudishia udongo ule ule wa tuta, kama umefaulu jaribio la glasi, ukiwa na unyevu wa kufinyangika mkononi, tabaka kwa tabaka la sentimeta 15, kila moja limeshindiliwa. Kumwagia tope jepesi kwa juu ni kuuficha. Na ufa wa upinde usijazwe kabla sababu ya kuporomoka haijajulikana. Unaongeza mzigo tu juu ya kinachoanguka.

Mteremko wa nyuma umetuna chini au umeporomoka

Chanzo ni moja kati ya mawili, au yote: maji yamejaa ndani ya tuta, au mteremko ni mkali mno. Mara nyingi ukali huo uliongezwa na watu waliochota udongo kitakoni kufyatulia tofali. Kitako kinaubeba mgongo. Kila toroli linalochukuliwa chini linapunguza kinachoshikilia juu. Rudisha uzito pale chini, mawe juu ya mchanga na kokoto, na ushushe maji.

Kipande kilichoporomoka zamani na kuota nyasi kisidharauliwe. Huko Toccoa Falls, jimbo la Georgia, Marekani, bwawa dogo la Kelly Barnes lilipasuka usiku wa Novemba 6, 1977, mvua kubwa ikinyesha, likaua watu 39. Lilianza kama bwawa la kuzalishia umeme mwaka 1899, likaongezwa udongo mara kadhaa, na kufikia wakati huo lilikuwa halizalishi tena chochote. Baadaye ilipatikana picha ya mwaka 1973, na ndani yake sehemu ya mteremko wa nyuma ilionekana imeshaporomoka. Miaka minne ilikuwapo ya kufanya kitu.

Mgongo umebonyea

Tuta hushuka lenyewe miaka ya mwanzo, na baada ya hapo ng'ombe, pikipiki na mikokoteni humalizia. Macho hayawezi kuona sentimeta 30 kwenye tuta la mita 150. Tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojaa maji bila mapovu, kama mafundi wa nyumba wanavyopimia msingi. Mmoja anashika ncha penye kigingi cha mwanzo, mwingine anatembea na ncha ya pili, mnaandika kila baada ya mita 10. Kisha pimeni sakafu ya utoro.

Mnachotafuta ni tofauti kati ya sakafu ya utoro na sehemu ya chini kuliko zote ya mgongo. Kwenye lambo dogo ikiwa chini ya mita 1 nisingelala vizuri, maana ndani ya nafasi hiyo lazima yaenee mafuriko yote yanayopita utoroni pamoja na mawimbi ya upepo. Na maji yakipita juu ya mgongo wa udongo hayapiti sawasawa. Yanakusanyika pale palipobonyea, yanachimba korongo, na korongo halisimami. Jazia moramu kwa kushindilia, inua katikati kidogo kuliko pembeni, na wapatie ng'ombe njia nyingine kabisa, pembeni ya mabega. Ukiwafukuza bila kuwapa njia watarudi usiku.

Utoro umeziba, umeinuliwa, au unalika

Malambo mengi niliyoyaona yakiwa hatarini, hatari ilikuwa hapa, na ililetwa na mikono ya watu wazuri wenye shida ya maji. Lambo limejaa mashapo, yaani udongo ulioletwa na maji na kutuama, maji hayafiki Septemba, basi mtu anapanga mifuko ya mchanga utoroni ili yabaki mengi. Mwaka wa kwanza inafanya kazi. Mwaka wa pili inaongezwa saruji. Mwingine anaona ardhi yenye unyevu, analima mchicha na mahindi mlemle. Wavuvi wanatega nyavu na fito ili samaki wasikimbie. Siku mvua ya kweli inakuja, maji yanakuta mlango umefungwa na yanapita juu ya tuta.

Haya yalitokea karibu yote kwa pamoja katika bwawa la South Fork, Pennsylvania, Marekani. Mabomba ya chini ya kutolea maji yalikuwa yameondolewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Mgongo ulishushwa ili magari ya farasi yapishane. Utoroni ziliwekwa nyavu za kuzuia samaki, nazo zikaziba kwa takataka. Mei 31, 1889 bwawa lilipasuka, mji wa Johnstown ukafagiliwa, watu 2,209 wakafa. Kila badiliko peke yake lilionekana dogo.

Tiba ya utoro uliozibwa ni kuuzibua, na ufanyike kiangazi. Ondoa mifuko, saruji, miti na vichaka mpaka sakafu ya asili. Shida ya maji kupungua ni ya kweli na haitatuliwi hapo. Inatatuliwa kwa kuzoa mashapo lambo likikauka, na kwa makinga maji na nyasi huko juu mashambani mashapo yanakotoka. Hata bwawa la Hombolo, nje ya Dodoma, lililojengwa mwaka 1957, limepunguzwa ujazo na mashapo, sembuse lambo la kijiji.

Utoro unaolika una dalili yake: korongo linaloanzia mwisho wa chini na kurudi nyuma kila masika, likitembea kuelekea lambo. Pigilia kigingi pale lilipofika, upime baada ya kila mvua kubwa. Likifika kwenye sakafu ya juu, lambo lote litatokea humo. Gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, pale korongo linapoishia, juu ya tabaka la kokoto, ndiyo tiba ya kawaida. Ukuta wa zege uliowekwa juu ya udongo mtupu huchimbwa chini na kuning'inia.

Bomba la kutolea maji

Bomba la chuma lililolala ndani ya tuta tangu miaka ya 1950 au 1960 lichukulie kuwa limetoboka mpaka lithibitishwe vinginevyo. Kutu haionekani, na udongo unaozunguka bomba ndio mgumu kuliko wote kushindilia, hivyo maji hupenda kufuata mwili wake. Funga vali, subiri, tazama ncha ya nyuma: je, bado maji yanatoka? Yana tope? Sikiliza vali ikiwa wazi; bomba linalonyonya udongo mara nyingi hutoa maji kwa mikupuo. Kisha tembea juu ya tuta kufuata mstari wa bomba ukitafuta sehemu iliyodidimia.

Vali ikiwa nyuma ya tuta, bomba zima linakaa na shinikizo la lambo ndani ya tuta, siku zote. Tobo moja linarusha maji moja kwa moja kwenye udongo. Vali inapaswa kuwa upande wa lambo. Ukiamua kuliacha bomba bovu, kulifunga kifuniko hakutoshi: linajazwa zege laini lote, na kuzunguka ncha yake ya nyuma huwekwa chujio la mchanga. Hiyo ni kazi ya mhandisi.

Miti, mchwa na mashimo ya wanyama

Kwa haya nitasema kwa kifupi. Mti mdogo, mnene kama kidole gumba, ng'oa leo. Mti mkubwa uliokomaa usiukate na kuacha kisiki: mizizi huoza ndani na kuacha mabomba matupu kutoka upande mmoja wa tuta hadi mwingine. Kisiki na mizizi mikubwa hutolewa lambo likiwa chini, shimo likajazwa kwa kushindilia. Vichuguu vichimbwe mpaka kwa malkia, na njia zake zifuatwe. Mashimo ya nungunungu na muhanga huwa marefu kuliko unavyodhani. Ingiza fito ndefu, chimba, rudishia. Nyasi fupi zenye mizizi mingi ndizo nguo sahihi ya tuta, na zikiwa fupi utaona kila kitu nilichotaja hapa juu.

Maji yanapungua kuliko kawaida

Kabla ya kulaumu tuta, tenga jua. Weka karai lenye maji ndani ya lambo penye kina kifupi, juu ya mawe, midomo yake ikiwa juu ya maji, tia alama ndani ya karai na kwenye mti uliosimikwa kando. Katika nyanda kame jua na upepo huchukua kama milimita 5 hadi 8 kwa siku. Baada ya siku 5 zisizo na mvua, linganisha. Lambo likishuka sawa na karai, ni jua. Likishuka zaidi, toa hesabu ya mifugo na madumu. Kinachobaki kinatokea mahali, kakitafute nyuma.

Dharura

Maji ya tope yanayoongezeka, shimo jipya kwenye tuta, kizingia lamboni, mteremko unaotembea, au maji yaliyobakiza shibiri moja kufika mgongoni na mvua haijakatika: ukiona hata moja, watu wa chini waondoke kwanza. Kazi nyingine zifuate.

Kushusha maji, fungua bomba kama ni zima. Kama halipo, tumia mabomba ya plastiki ya inchi 4 hadi 6 yaliyojazwa maji na kuvushwa juu ya mgongo yakinyonya, ncha zake za nyuma zikifika mbali na kitako. Usikate tuta. Wapo wanaochimba mfereji mdogo mgongoni ili kulipunguzia lambo mzigo, na mfereji ule ndio unaolivunja. Kama si dharura, shusha maji kwa kiasi cha sentimeta 30 kwa siku, maana yakishuka ghafla mteremko wa upande wa lambo, ukiwa bado umelowa na mzito, huporomoka.

Tanzania, taarifa inapelekwa kwa bodi ya maji ya bonde lako. Mabonde ni 9, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Peleka picha, daftari la ndoo na vipimo vya mpira. Mhandisi akikuta vipimo vya miezi 6 anaanza kazi mbele sana.

Kisha shuka bondeni kwa miguu, kwa kufuata mkondo. Lambo lilipochimbwa huenda chini palikuwa pori. Leo kuna nyumba, kisima, zahanati, pengine shule. Andika kila nyumba iliyo chini ya kimo cha mkondo, majina na namba za simu, na nani ana mgonjwa au bibi asiyeweza kutembea. Mkubaliane mlio mmoja usiotumika kwa jambo lingine, kengele ya shule au kipaza sauti cha msikiti, na mahali pa juu pa kukimbilia. Jaribuni usiku, si mchana. Mlinzi apige simu akiwa tuta­ni, na mtu mwingine asimame na saa kwenye nyumba ya mwisho ahesabu dakika mpaka mtoto wa mwisho afike juu.